Yamaha AG100 ya marehemu mzee inatema gia ya pili, niifufue au niuze skrepa?

#1 Mtoto wa Bani
Habari za jioni wakuu, naenda moja kwa moja.

Marehemu mzee wangu alikuwa bwana shamba wa tumbaku Urambo, katuachia Yamaha AG100, ile tustroki ya gia tano ambayo cheni yote imefunikwa na kava huioni kabisa. Alivyostaafu ikaingizwa kwenye bani ambalo halikaushi tena tumbaku ikakaa humo, kuku wakataga juu ya siti. Majuzi nimeipakia kwenye fuso nimeileta hapa Tabora mjini, nimeosha kabureta, nimeweka plagi mpya, nimejaza oili ya 2T (ile inayoungua pamoja na petroli) kwenye tenki lake la pembeni, nikapiga kiki mpaka goti likaomba poo, ikawaka. Moshi wake Isevya nzima walitoka kuuliza kuna nini kinaungua.

Sasa shida. Gia ya kwanza safi, ya tatu nne tano safi. Ya pili inaingia vizuri tu ila ukivuta mafuta, tap! inatema inarudi frii injini inabaki kupiga kelele. Ukiwa mteremkoni umeachia mafuta haitoki.

Fundi wa kwanza kasema gia zimekwisha nitafute injini nzima ya mtumba, kanitajia laki sita na nusu na bado hajaifungua. Wa pili kasema ni kaspringi tu. Vijana wa kijiweni wanasema peleka skrepa ongezea hela chukua Boxer. Nifanyeje?

#2 Kijiwe Cheyo
Pole kwa kufiwa mkuu. Uza. Boxer mpya inagonga karibu milioni tatu, ukiweka dereva inakuletea hesabu kila jioni. Hiyo yako itakuletea hesabu ya fundi.

#3 MwishoWaReli
Ngoja kwanza, Tabora mteremko mmeutoa wapi? 😂 Huko si ukiweka gololi chini inakaa hapo hapo mpaka kesho. Njoo Kigoma uipandishe njia ya Manyovu ndio utajua gia ipi inatema.

#4 Mtoto wa Bani
@MwishoWaReli hahaa kuna kamteremko ka kushukia mtoni mkuu usitudharau

#5 Fundi wa Ng'ambo
Mleta uzi umeeleza vizuri, wengi wanakuja na "inasumbua gia" basi. Hilo la kutema ukivuta mafuta na kutulia ukiachia ndio lenyewe.

Kwenye pikipiki meno ya gia hayaachani, yote yameshikana yanazunguka muda wote. Ukikanyaga pedeli kinachotembea ni gia moja kusogea pembeni kwenye shafti, na ubavuni ina vigingi vifupi vinavyoingia kwenye matundu ya gia jirani, vikiingia ndio hizo gia mbili zinazunguka pamoja. Vile vigingi kiwandani wanavichonga vikiwa vimelala kidogo ili ukivuta mafuta nguvu ya injini yenyewe ivivute ndani vizidi kung'ang'ania. Kona zake zikilika zikawa duara, nguvu ile ile sasa inavisukuma nje. Ndio hiyo tap! yako. Ukiachia mafuta vinashikana kwa upande wa pili wa kigingi ambao haujalika, ndio maana inatulia.

Na kwa nini ya pili? Kutoka ya kwanza kwenda ya pili unaruka frii katikati, safari ndefu kuliko gia zingine, mtu akikanyaga kivivu vigingi vinagusana kwa ncha tu. Fanya hivyo miaka na miaka kwenye mchanga wa Urambo. Springi hapo haihusiki, hii ni kupasua kreki kesi (ganda la injini) ubadilishe gia mbili, ile inayotembea na jirani yake.

#6 Kipande cha Sikonge
Fundi heshima yako ila usimpasulie mtu injini kwenye simu. Ndani ya kava la kulia, nyuma ya klachi, kuna ile nyota ya gia na mkono wenye karola unaovutwa na springi. Kazi yake kuikamata drami (ngoma inayosogeza gia) ikae pale gia ilipo isicheze. Springi ikichoka au ikikatika drami inaelea, mtikisiko kidogo gia imetoka. Kava unafungua, pleti za klachi unatoa, unaiona kwa macho, kreki kesi huigusi. Huyo fundi wa pili yuko sahihi.

#7 Fundi wa Ng'ambo
Springi ingekuwa imekufa ingetema na zingine. Mbona ya tatu haitemi?

#8 Kipande cha Sikonge
Kwa sababu nyota ina bonde lake kwa kila gia mkuu, bonde la pili linaweza kulika peke yake. Na hujataja foku. Zile foku za kusukuma gia zikipinda, gia inaingia nusu, vigingi vinashikana kwa ncha, vinatema. Kwa hiyo vigingi kulika inaweza kuwa matokeo, chanzo ni foku. Ukibadilisha gia ukaacha foku iliyopinda utarudi hapo hapo kabla ya masika.

#9 Fundi wa Ng'ambo
Na foku utaiona bila kupasua? Basi tumerudi kwangu.

#10 Kijiwe Cheyo
Naona mafundi wameanza kugombania hela ya yatima

#11 Mzee wa Bedford
Shikamooni au marahaba, chagueni wenyewe. Niko Ujiji, nimeendesha malori tangu Bedford zile za mbele ndefu. Nyinyi mnalia gia moja ya pikipiki. Bedford ya zamani na Land Rover kabla ya Series III ya 1971, gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na sinkronaiza, kile kifaa cha kusawazisha mwendo wa gia zisigongane. Kushuka toka ya tatu kwenda ya pili ni dabo klachi: unakanyaga klachi, unatoa frii, unaachia klachi, unapiga mafuta kidogo kuipandisha injini, unakanyaga tena ndio unaingiza. Ukikosea mtaa mzima unasikia, na turnboi anakucheka. Kijana alikuwa hapewi usukani mpaka asikike anashusha gia bila sauti.

Huyu marehemu nadhani alikuwa hamalizii klachi. Afisa wa serikali na haraka zake.

#12 Mtoto wa Bani
@Mzee wa Bedford marahaba nimekataa, shikamoo mzee wangu. Sasa na pikipiki inatakiwa dabo klachi?

#13 Tanuru
Ndio, pikipiki haina sinkronaiza kabisa kwa hiyo dabo klachi ni lazima, watu hawajui tu.

#14 Fundi wa Ng'ambo
@Tanuru hapana bwana. Sinkronaiza haina kweli, lakini haihitaji. Gia zake nyepesi, vigingi ni vichache vyenye nafasi pana katikati, vinajipata vyenyewe. Bana klachi, kanyaga kwa uhakika mpaka mwisho, achia. Anayeua gia ya pili ni yule anayeigusa kwa ncha ya kiatu akiogopa kuchafua soli.

#15 Binti Nyuki
Hamjambo. Mimi ni mfugaji nyuki, nafuata asali mapori ya Sikonge huko ndani, natumia Honda CG125 ya zamani niliyoirithi kwa mjomba. Kila mtu aliniambia uza. Nikaitengeneza taratibu, mwezi huu ringi, mwezi ule cheni na sproketi, na mpaka leo haijawahi kulala porini. Siri ya ile Honda ni moja, waliitoa katikati ya miaka ya sabini kwa ajili ya nchi kama zetu, wakaweka pushrodi (vijiti vya kusukuma valvu) badala ya cheni ya kamshafti juu, vitu vichache vya kuharibika. Wachina wakaiiga injini hiyo hiyo mpaka leo, kwa hiyo spea zangu napata duka lolote la bodaboda. Hizo tustroki sasa sijui kama utapata hata ringi.

#16 Kijiwe Cheyo
Hata Boxer ni kopi ya CG dada, wote ndugu

#17 Kipande cha Sikonge
@Kijiwe Cheyo Boxer ni ya Bajaj, Mhindi, na ukoo wake ni Kawasaki, kamshafti iko juu. Unaendesha kila siku hujui umekalia nini.

@Binti Nyuki kwenye spea nakupinga kidogo dada. AG100 iliendelea kutengenezwa miaka mingi sana, mashirika ya misaada na miradi ya vijijini waliinunua mpya wakati tustroki zingine zimeshasahaulika. Kwa hiyo ringi, pistoni, gasketi vinaagizika. Bei ndio itakuuliza maswali. Kuna jamaa yangu Nzega aliagiza seti ya gasketi akaambiwa asubiri, alivyoipata alikuwa ameshauza pikipiki.

#18 MwishoWaReli
Hapo kwenye kusubiri spea ndio Kigoma tumebobea. Ila mbona mnakata tamaa na pikipiki iliyokaa bani miaka michache? Meli ya Liemba Wajerumani wameizamisha Ziwa Tanganyika 1916 isichukuliwe, ikaibuliwa 1924, mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria. Miaka kibao chini ya maji! Na injini zake zilipona kwa sababu kabla ya kuzamisha mafundi walizipaka grisi nene kila mahali. Mzee wako angepaka grisi usingekuwa na uzi huu 😂

#19 Mzee wa Bedford
Nimepanda Liemba. Ila useme na mengine, zile injini za mvuke hazipo tena, waliweka dizeli miaka ya sabini. Kwa hiyo hata yenyewe ilibadilishwa injini nzima, kama fundi wa kwanza alivyomwambia kijana.

#20 Fundi wa Ng'ambo
Mzee umemaliza mjadala upande usiotakiwa

#21 Chumvi ya Uvinza
Naomba nitoe wazo tofauti, mbona hakuna aliyeuliza oili ya giaboksi? Tustroki siyo sawa na Boxer. Boxer injini na giaboksi wanakunywa oili moja. Tustroki oili ya 2T inaungua na petroli, giaboksi na klachi wana oili yao peke yao chini. Pikipiki ikikaa muda mrefu oili sili ya krenki upande wa klachi inakauka, injini inaanza kunyonya oili ya giaboksi na kuichoma. Moshi mzito usioisha hata injini ikipata moto, na giaboksi inabaki kavu bila wewe kujua. Gia kavu zinalika haraka. Mleta uzi alisema moshi ulijaza Isevya nzima. Mkuu, moshi uliisha au unaendelea? Na giaboksi ulikuta oili kiasi gani?

#22 Mtoto wa Bani
@Chumvi ya Uvinza moshi haukuisha mkuu, nilidhani ndio tabia ya tustroki. Giaboksi sijamwaga, kuna kijana aliniambia niongezee ile oili nzito ya difu, 140, eti itabana gia zisiteme. Nimeinunua ila sijaweka.

#23 Chumvi ya Uvinza
USIWEKE. Klachi ya pikipiki inaogelea humo humo, 140 itaganda katikati ya pleti, utabana klachi na pikipiki itaendelea kwenda. Weka oili nyepesi ya giaboksi, 10W-30 inatosha.

Na wenye magari ya zamani mnaosoma kimya kimya: oili ya difu yenye alama GL-5 msiweke hovyo kwenye giaboksi yenye sinkronaiza za shaba, madawa yake yanaweza kuila shaba. Hizo zinataka GL-4. Wengine mmeua giaboksi kwa kuzipenda.

#24 Tanuru
Wauza magari wanaweka maranda na maganda ya ndizi kwenye difu ili isilie siku ya kuuza, hiyo mnaizungumziaje wataalamu

#25 MwishoWaReli
Tabora ndizi mnazitoa Kigoma, kwa hiyo hata utapeli mnaagiza kwetu

#26 Shangazi Gongoni
Vijana mnaongea vyuma tu. Kadi ya pikipiki ina jina la nani? Kama ni la marehemu, kuna mirathi? Msimamizi wa mirathi ni nani, mahakama ya mwanzo mmeenda? Bila hiyo barua TRA hawakubadilishii umiliki, na namba ikiwa bado zile za zamani trafiki wa kwanza atakusimamisha. Nimeona ndugu wameacha kusalimiana kwa ajili ya baiskeli, sembuse pikipiki ikishaanza kuwaka.

#27 Kijiwe Cheyo
Shangazi usimtishe, atakuta na deni la leseni ya barabara tangu enzi hizo

#28 Shangazi Gongoni
Leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Unailipa wewe kila ukijaza hiyo Boxer yako, soma mwanangu.

#29 Katekista Mstaafu
Tumsifu. Mimi nilizunguka vigango vyote kwa Honda C70, haina mkono wa klachi kabisa, ukikanyaga pedeli ya gia na klachi inajiachia humo humo. Familia ya Super Cub, ilianza 1958, mwaka 2017 Honda walitangaza wamepita milioni mia moja. Gia tatu tu na ninabeba mahindi. Ningekuwa na Yamaha ya baba yangu nisingeuliza mtandaoni, ningeitengeneza. Hela ya kununua Boxer ataipata siku nyingine.

#30 Binti Nyuki
@Katekista Mstaafu nakuunga mkono nusu baba. Moyo ni moyo, lakini mtu ajiulize itafanya kazi gani. Yangu inanilipa kwa sababu napita njia ambazo sitaki kupitisha kitu cha milioni tatu. Ukifufua halafu unaiegesha sebuleni ni sawa, ila usiite uwekezaji. Na tustroki inakula mafuta kuliko CG, na 2T juu yake.

#31 Kijiwe Cheyo
Mwisho wa siku namba hazidanganyi, ovahoo na karatasi ni zaidi ya laki saba, unapata pikipiki ya gia tano yenye gia nne

#32 Mtoto wa Bani
Wakuu mrejesho. Leo nimemwaga oili ya giaboksi mbele yangu. Imetoka kidogo sana, kama kikombe cha kahawa hakijajaa, na rangi nyeupe nyeupe ya maziwa. Kwenye kizibo kuna unga unga wa chuma unang'aa na kipande kimoja kidogo saizi ya punje ya mchele, upande mmoja kimevunjika upande mmoja laini. Tumefungua kava la kulia, springi ya nyota ipo haijakatika ila tukishika ule mkono kwa kidole unasogea kirahisi sana. Pedeli ya gia nayo nimeiona imepinda ndani, inagusa kesi kidogo. Picha mtandao unagoma kupandisha.

#33 Fundi wa Ng'ambo
Kipande kilichovunjika upande mmoja na laini upande mmoja ni kona ya kigingi. Nilisema.

#34 Kipande cha Sikonge
Springi inasogea kwa kidole, imechoka. Nilisema. Na hiyo punje inaweza kuwa ya kiki, meno ya kiki nayo yanamong'onyoka, si umepiga kiki mpaka goti likaomba poo?

#35 Chumvi ya Uvinza
Oili kikombe hakijajaa! Imeenda wapi nyingine kama siyo kwenye moshi? Anzeni na oili sili. Na huo weupe ni maji, bani lilikuwa linavuja.

#36 Mzee wa Bedford
Pedeli imepinda inagusa kesi, maana yake haimalizi safari yake, gia inaingia nusu. Inyoosheni kwanza kwa moto, hiyo ni bure, mjaribu. Pikipiki ilianguka siku fulani, na marehemu hakuwaambia nyumbani.

#37 Mtoto wa Bani
@Mzee wa Bedford kesho naipeleka kwa mchomeleaji mzee wangu.

@Shangazi Gongoni kadi nimeipata kwenye sanduku la mama. Jina siyo la mzee, ni la mradi aliokuwa anafanyia kazi, walikuwa wanawakopesha wanakatwa kwenye mshahara. Mama anasema alimaliza kulipa ila karatasi ya kumaliza hatuioni. Mradi wenyewe ulishafungwa.

#38 Shangazi Gongoni
Eee. Basi kabla hujanunua hata oili sili tafuta hati za mshahara za mzee, wafanyakazi wa zamani huwa wanazitunza. Angalia kama makato yalisimama na mwezi gani. Hapo ndio uende TRA ukiwa na cha kuongea. Na waulize wenzake waliokopeshwa pamoja, huenda mmoja anayo barua ya aina hiyo.

#39 Kijiwe Cheyo
Sasa hata skrepa hawezi kuuza, si yake 😂😂

#40 Kipande cha Sikonge
@Mtoto wa Bani wakati unatafuta hayo makaratasi, lile kava la cheni bado lina vipande vyote viwili, juu na chini? Ninayo AG nyingine huku haina la chini. Njoo inbox tuongee, usimuuzie mtu wa skrepa.

#41 Fundi wa Ng'ambo
@Kipande cha Sikonge kumbe ndio maana ulikuwa hutaki ipasuliwe